Mkwaju Unapaa, Fliki Inafia Njiani: Kutafuta Tatizo la Gongo Lako la Hoki

Mchezaji akikosa mabao hulitazama gongo lake, si miguu yake. Wakati mwingine ana haki. Gongo lisilomfaa mtu humfanya aonekane hajui kupiga. Lakini magongo mengi ya bei ghali yamenunuliwa kutibu ugonjwa uliokuwa kwenye mkao wa mchezaji, na ugonjwa ukabaki palepale. Mwongozo huu unaanza na dalili, yaani kile unachokiona mpira ukifanya au kile mikono yako inachokihisi, kisha unarudi nyuma kutafuta sababu.

Msimamo wangu niuseme mapema. Nunua gongo linalofaa pigo unalolipiga mara nyingi zaidi, katika uwanja unaouchezea wiki baada ya wiki. Usinunue gongo la pigo uliloliona kwenye video ya Waholanzi wakicheza juu ya nyasi bandia zilizomwagiwa maji. Huku kwetu magharibi mwa Kenya, kuanzia Kisumu hadi Bungoma, wengi tunacheza kwenye nyasi zinazokatwa na ng'ombe wa shule, au kwenye ardhi ngumu yenye vumbi Januari na matope Aprili. Uwanja huo ndio unaoamua mambo mengi kabla hata hujafungua mkoba wa pesa.

Jambo jingine la kuondoa njiani: ukitafuta ushauri mtandaoni, nusu ya utakayoyakuta yanahusu hoki ya barafu. Huko magongo hutofautiana kwa mkono wa kushoto na wa kulia, na watu hubishana kuhusu namba za unyumbufu wa mpini. Mambo hayo yana maana kwa vijana wanaoteleza kwenye barafu ya Panari kule Nairobi. Kwako wewe unayecheza mpira wa magongo uwanjani hayana kazi. Ukiona tangazo la gongo lenye namba ya unyumbufu na kichwa kirefu chembamba kama kisu, pita.

Kwanza liweke mezani

Kabla ya dalili yoyote, fanya kipimo hiki. Hakigharimu kitu. Lilaze gongo juu ya meza iliyonyooka, uso bapa ukiangalia chini. Utaona nafasi kati ya meza na mpini, kwa sababu gongo limepinda kidogo kwa urefu wake. Chukua rula ya shule upime mambo mawili: nafasi hiyo ina kina gani pale ilipo kubwa zaidi, na mahali hapo pako umbali gani kutoka ncha ya chini ya kichwa.

Kanuni za shirikisho la hoki duniani, FIH, zinaruhusu mpindo usiozidi milimita 25, na kilele chake kisiwe karibu na kichwa kuliko milimita 200. Kilele kikikaribia hiyo 200, una gongo la mpindo wa chini, lile ambalo lebo huliita Low Bow. Kikiwa juu zaidi, kuelekea katikati ya gongo, una mpindo wa kati au wa kawaida. Andika namba hizo mbili mahali. Karibu kila dalili inayofuata itakurudisha kwake.

Ukiwa na mizani ya jikoni, pima na uzito. Kikomo cha kanuni ni gramu 737, lakini magongo mengi ya watu wazima siku hizi yako kati ya gramu 510 na 560. Urefu umeandikwa kwenye lebo kwa inchi, kwa kawaida 36.5 au 37.5 kwa watu wazima.

Mpira unapaa wakati ulitaka uende chini

Hii ndiyo dalili ninayoulizwa kuliko zote, na ndiyo inayowafanya watu wabadilishe gongo ovyo. Sababu zake ni nne na zinafanana sana kwa macho, kwa hiyo zitenganishe moja baada ya nyingine.

Anza na ardhi. Tafuta mahali pagumu palipo sawa, hata kama ni sakafu ya ukumbi au lami ya maegesho siku ambayo magari hayapo, uweke mpira umetulia upige mikwaju kumi ya kawaida, yaani mapigo ya kuzungusha gongo na kuugonga mpira. Mpira ukienda chini vizuri hapo, gongo halina kosa, na wewe huna kosa kubwa. Uwanja wenu una mashimo, na mpira ulikuwa tayari umeinuka ulipougonga. Dawa yake ni kuusimamisha kabisa kabla ya kupiga, au kuacha mkwaju na kutumia pushi (kuusukuma mpira bila kuzungusha gongo) na pigo la kufagia, ambapo gongo hukaa chini karibu na ardhi kwa muda mrefu.

Ukipaa hata kwenye lami, angalia mahali mpira ulipo ukilinganisha na mguu wako wa kushoto. Wengi huuacha mbele mno, gongo likafika kwenye mpira likiwa limeanza kupanda. Urudishe nyuma hadi usawa wa kisigino cha mguu wa mbele, na mikono yako iwe juu ya mpira, isibaki nyuma yake. Piga tena kumi.

Bado unapaa? Sasa mwazime mwenzako gongo lenye mpindo wa kati, urefu uleule, upige kwa mkao uleule. Likienda chini, umempata mkosaji. Mpindo wa chini hufanya kazi hivi: kwa kuwa gongo limepinda karibu na kichwa, ukilishika mikono ikiwa wima kama kawaida, uso wake unaelekea juu kidogo. Mpira unaogongwa na uso unaotazama juu utainuka, hata kama umefanya kila kitu sawa. Wapigaji wazoefu hulipa deni hilo kwa kusogeza mikono mbele zaidi. Mwanafunzi wa kidato cha pili hana muda huo, na hapaswi kuwa nao.

Sababu ya nne ni urefu, nitaigusa chini.

Kwa nini nimekaa hapa muda wote huu? Kwa sababu ya kona fupi, ile adhabu inayopewa timu inayoshambulia walinzi wakifanya kosa karibu na goli lao. Kanuni inasema, kama shuti la kwanza kwenye kona fupi ni mkwaju, mpira lazima uvuke mstari wa goli ukiwa chini ya milimita 460, ambazo ndizo kimo cha ubao wa nyuma ya goli. Fliki, yaani kuusukuma mpira na kuurusha juu bila kuugonga, haibanwi na kikomo hicho, mradi isiwe ya hatari. Sasa fikiria timu ya shule ambayo haina mpigaji wa fliki, inategemea mkwaju kila kona, na mpigaji wake ana gongo la mpindo wa chini kwa sababu aliliona zuri. Kila mkwaju mzuri unaopita juu ya ubao ni bao linalokataliwa. Refa akipuliza filimbi, mashabiki wa pembeni watamtukana refa.

Fliki haina nguvu, au mpira unatoka gongoni mapema

Hapa mambo yanageuka. Fliki ya kuburuta, ile ambayo mchezaji anaubeba mpira kwenye gongo hatua moja ndefu kisha anaurusha kwenye kona ya juu ya goli, inahitaji mpira ukae kwenye mpini. Mpindo wa chini unaunda kishimo karibu na kichwa ambamo mpira hutulia, na kwa sababu hiyo watengenezaji wameusogeza mpindo chini kadiri kanuni inavyoruhusu. Kama kipimo chako cha mezani kilionyesha mpindo wa milimita 20 ulio juu katikati ya gongo, na mpira unakutoka nusu ya njia, gongo lako ni sehemu ya tatizo.

Lakini jiulize kwanza unaburuta juu ya nini. Kwenye nyasi bandia zenye maji mpira unateleza kama uko kwenye sakafu iliyopigwa nta. Kwenye uwanja wa nyasi wa kawaida unarukaruka, na kila ukiruka unaachana na gongo. Hakuna mpindo utakaotibu hilo. Nimeona vijana wenye vipaji wakijaribu fliki hiyo juu ya udongo mweusi wa nyanda za Kano, karibu na Kisumu, uliokauka ukapasuka, na wakaishia kukwaruza gongo jipya bila kupata chochote.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii, na najua kuna makocha watakaobishana nami: timu inayochezea nyasi za kawaida msimu mzima inahitaji magongo ya mpindo wa chini mawili, labda moja. Anayepewa ni mchezaji atakayepiga kona timu ikifuzu kwenda kucheza kwenye nyasi bandia, kama zile za City Park, Nairobi. Wengine wote wapewe mpindo wa kati. Kona za nyumbani zichezwe kwa mtindo wa zamani wa watu watatu: mmoja anasukuma, mmoja anasimamisha, mmoja anapiga chini kwa nguvu. Shule zenye jina katika hoki upande huu, kama Kamusinga, Musingu, Tigoi, Nyamira Girls au Sinyolo, hazikujenga jina hilo kwa kununua magongo ya ajabu.

Kama uwanja ni mzuri na mpindo unafaa lakini fliki bado ni dhaifu, angalia hatua. Nguvu ya fliki hutoka kwenye mguu wa mbele unaotua mbali na kiuno kinachozunguka. Mikono humalizia tu.

Mkwaju haufiki

Unapiga kwa nguvu zako zote na mpira unamfikia mlinzi ukiwa umechoka. Wengi hukimbilia gongo zito. Wakati mwingine ni sahihi, lakini gongo zito unalolizungusha polepole hupiga dhaifu kuliko jepesi unalolizungusha haraka. Mpira una gramu 156 hadi 163 tu. Kinachoupeleka mbali ni kasi ya kichwa cha gongo pale kinapougusa.

Jaribu magongo mawili ya uzito tofauti, mikwaju kumi kwa kila moja, na umwombe mtu asimame mbali akuwekee alama pale mpira unaposimama. Usiamini mkono wako. Gongo zito hukupa hisia kwamba umepiga vikali hata kama mpira haukwenda popote.

Uzito peke yake pia unadanganya, kwa sababu unaweza kuwa umekaa kichwani au kwenye mpini. Lilaze gongo juu ya kidole hadi litulie, uone mahali pa usawa. Chukua la mwenzako ulinganishe. Usawa ukisogea kuelekea kichwani, gongo litapiga vikali lakini litachelewa kugeuka unapochenga. Mlinzi anayepiga mipira mirefu atalipenda. Kiungo anayecheza katikati ya watu watatu atalichukia.

Halafu kuna ugumu wa gongo. Nyuzi za kaboni zikiwa nyingi hulifanya lisipinde linapougonga mpira, na nguvu yako nyingi hufika kwenye mpira badala ya kupotelea kwenye mpini. Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya bei. Gongo la kaboni asilimia 90 linapiga vikali kuliko la faibaglasi mikononi mwa mtu anayejua kugonga katikati ya uso. Asiyejua atagundua haraka sana kwamba ugumu huohuo unaadhibu kila kosa, na hapo tunaingia kwenye dalili inayofuata.

Mpira unaruka ukiupokea, mkono unatetemeka

Mama mmoja aliniuliza, akiwa na risiti mkononi, kwa nini mwanawe wa kidato cha kwanza amekuwa mbaya zaidi tangu apate gongo jipya. Kwa bahati mbaya jibu lilikuwa kwenye risiti. Gongo lilikuwa la kaboni nyingi. Gongo gumu halimezi kasi ya mpira. Pasi inayokuja kwa nguvu hugonga na kurudi. Mchezaji mzoefu hulegeza mikono na kulivuta gongo nyuma kidogo wakati wa kupokea. Mtoto hulikaza, na mpira unamtoka mita mbili.

Faibaglasi husamehe. Mbao husamehe zaidi. Magongo yenye aramidi, aina ya nyuzi imara za viwandani, ndani yake hupunguza mtetemo, na ukiyapata kwa bei ya kati ni ununuzi mzuri. Kwa mtu wa miaka miwili ya kwanza ya hoki, kaboni isizidi robo ya mchanganyiko. Nitaendelea kusema hivyo hata kama muuzaji atanikasirikia.

Mtetemo unaofika hadi kiwiko una sababu nyingine mbili. Ya kwanza ni gripu, yaani utepe wa kushikia mpini, iliyokwisha. Ibadilishe, ukikosa ya hoki, ile ya raketi ya tenisi juu ya gripu ya zamani inafaa kabisa. Ya pili ni ufa wa ndani. Shika gongo kwa vidole viwili karibu na juu, liache lining'inie, kisha uligonge na sarafu kuanzia mpini hadi kichwa. Gongo zima hutoa mlio mkavu unaofanana kote. Mlio ukigeuka kuwa butu mahali fulani, na hasa pale mpini unapokutana na kichwa, nyuzi zimeachana ndani. Hakuna gripu itakayoponya hilo.

Mgongo unauma, au mpini unakuchoma tumboni

Urefu. Vaa viatu vya kuchezea, simama wima, lisimamishe gongo mbele yako kichwa kikiwa chini. Ncha ya mpini ifike karibu na mfupa wa nyonga. Likikupita sana, litakusukuma usimame wima, mpira ukae mbali na miguu, na kichwa cha gongo kitaugusa mpira kikiwa kimeinamia nyuma. Hiyo ndiyo sababu ya nne ya mpira kupaa niliyoiahidi. Likiwa fupi mno, utainama mchezo mzima, na baada ya dakika 60 mgongo utakukumbusha.

Mtu mzima wa kimo cha wastani kwa kawaida hufaa na inchi 36.5. Warefu, walinzi wanaotaka kufika mbali, na wapigaji wa fliki huenda 37.5. Kikomo cha kanuni ni sentimita 105, lakini hilo ni jambo la watu wachache.

Wazazi hununua gongo la mtoto kama wanavyonunua sweta ya kidato cha kwanza, kubwa ili akue ndani yake. Sweta kubwa haimfundishi mtoto tabia mbaya. Gongo refu humfundisha kuinua viwiko na kuusukuma mpira kwa mikono mitupu bila mwili, na tabia hiyo itabaki hata atakapokuwa mrefu. Kama gongo refu limeshanunuliwa, fundi mzuri anaweza kulipunguza upande wa juu wa mpini, kamwe si upande wa kichwa. Sehemu iliyokatwa izibwe na ilainishwe, gripu mpya ifungwe juu yake. Jua tu kwamba usawa utasogea kuelekea kichwani, na kwamba dhamana ya dukani inaishia hapo.

Anatumia mkono wa kushoto

Hakuna gongo la kushoto. Kanuni zinataka uso bapa uwe upande mmoja tu, kwa kila mchezaji. Mkono wa kushoto unashika juu na ndio unaozungusha gongo, kwa hiyo mtu wa mkono wa kushoto hana hasara hapo. Usihangaike.

Pigo la ukingo linaponyoka

Lile pigo la upande wa nyuma, gongo likiwa limelala na mpira ukigongwa kwa ukingo, linataka kichwa chenye kona ndefu kidogo na ukingo mgumu. Vichwa vifupi sana havina nafasi ya kutosha ya kugusia. Lakini ni pigo linalovunja magongo, na kwenye ardhi ya mawe linavunja haraka. Ukiwa na gongo moja tu la msimu, pigo hilo lifanyie mazoezi kwa gongo la zamani la stoo ya shule.

Kichwa kinasagika, gongo linapasuka kabla ya msimu kwisha

Changarawe husaga ncha ya kichwa. Huwezi kuizuia, unaweza kuichelewesha. Zungushia kichwa mkanda wa kitambaa, tabaka moja au mawili, ubadilishe ukichakaa. Kanuni zinaruhusu mradi gongo libaki laini, lisiwe na sehemu kali, na lipite kwenye pete yenye kipenyo cha ndani cha milimita 51 pamoja na mkanda wake. Refa akitaka kulipima ana haki. Vijipande vidogo vilivyobanduka huzibwa kwa gundi ya epoksi, kisha vikasuguliwa kwa msasa mwembamba; mafundi wa jua kali wanaotengeneza vitu vya plastiki wanajua kazi hii vizuri kuliko wauzaji wengi wa vifaa vya michezo.

Kinachoua magongo ya shule kimyakimya ni stoo. Paa la mabati, jua la saa nane la Kisumu, magongo yamerundikwa wima yakiegemea ukuta mwezi mzima wa likizo. Ya mbao yaliyoingia maji ya mvua za Machi hadi Mei na hayakukaushwa huvimba, yakakauka, yakapasuka kwenye maungio ya mpini. Yapanguse, yalaze juu ya rafu, mbali na mabati. Mwalimu wa michezo akifanya hili pekee, gongo la bei ndogo litamaliza misimu zaidi ya lile la bei kubwa linalotupwa stoo likiwa na tope.

Nisiyadharau ya mbao, kwa sababu siku hizi vijana huyacheka. Mforsadi ulioinamishwa kwa mvuke na mpini wa henzirani ndio uliotumika hoki ya dunia nzima kwa miongo mingi. Kenya ilipomaliza ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona, mwaka 1971, ilicheza kwa mbao kama wapinzani wake wote. Kwenye uwanja wa vumbi gongo la mbao bado ni chaguo la akili.

Pesa haitoshi

Bei sitaziandika hapa, kwa kuwa magongo karibu yote yanatoka nje, mengi yakiwa ya Sialkot nchini Pakistan au Jalandhar na Meerut nchini India, na bei hupanda na kushuka na dola. Ngazi zenyewe hazibadiliki: mbao na faibaglasi tupu chini, kaboni ya robo hadi nusu katikati, kaboni ya asilimia 70 kwenda juu kileleni. Kuruka kutoka ngazi ya chini hadi ya kati utakuona uwanjani. Kuruka kutoka ya kati hadi ya juu utakuona kama unafanya mazoezi mara nne kwa wiki kwenye uwanja mzuri. Vinginevyo utakuona kwenye akaunti ya M-Pesa tu.

Kwanza toa pesa ya kinga ya meno na ya kinga za ugoko. Kinachobaki ndicho cha gongo. Sijawahi kuelewa mzazi anayelipia kaboni na kumwacha mtoto acheze bila kitu mdomoni.

Kwa mwalimu anayenunulia timu nzima, kosa la kawaida ni kuagiza urefu mmoja kwa wote kwa sababu muuzaji anapunguza bei ukichukua dazeni. Wapime wachezaji kwanza. Utakuta unahitaji mengi ya 36.5, machache ya 37.5, na kwa timu ya wasichana wadogo labda manne ya 36. Mpindo wa kati kwa wote, isipokuwa yule wa kona. Afadhali magongo kumi na manne ya ngazi ya chini yanayowafaa kuliko manane mazuri yanayogombaniwa. Gongo la kipa lisinunuliwe kwa mabaki ya bajeti. Lisiwe zito, kwa kuwa analishika kwa mkono mmoja.

Kuhusu ya mitumba, ukibahatika kuyakuta soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili au kwa mchezaji anayeacha hoki, usione haya kuyapima palepale mbele ya muuzaji. Litazame kutoka mpini hadi kichwa kwa jicho moja, kama fundi anavyotazama mbao, kuona kama limejikunja pembeni. Fungua gripu nusu, kwa sababu nyufa hufichwa huko. Pitisha ukucha kwenye ukunjo wa ndani wa kichwa, na ugonge kwa sarafu. Lebo ya asilimia ya kaboni iliyofutika isikuhangaishe, na ile inayong'aa kuliko gongo lenyewe isikufurahishe. Tope na mikwaruzo ya rangi ni sababu ya kuteremsha bei. Ukucha ukikwama kwenye ufa ndani ya ukunjo, mrudishie gongo lake hata akikuitia nusu ya bei.